Weka Panapofanana

"Huko kwenu hakuna malaria," muuguzi alisema, akaifunga kadi ya kliniki na kuirudisha mezani bila kumtazama mwenye nayo.

Mwenye kadi, mwanamke kijana mwenye mimba ya miezi saba, alikuwa ameegemea bega la mama mkwe wake huku meno yakigongana. Ilikuwa saa nne asubuhi, jua limekwisha kuwaka, na wagonjwa wengine kwenye benchi walikuwa wakijipepea kwa kadi zao.

"Mpime tu, mwanangu," mama mkwe alisema. "Ni tone moja la damu."

"Mama, vipimo hivi nahesabiwa. Nikimpima mtu wa mtaa usio na mbu, nitaulizwa mimi, si wewe." Alinyoosha kalamu kuelekea karatasi iliyobandikwa ukutani. Ilikuwa na majina ya mitaa ishirini na mmoja, mengine kwa wino mwekundu, mengine kwa kijani, na wa kwao ulikuwa wa tatu katika ile ya kijani. "Unaona? Wataalamu wa mbu wamechunguza miaka miwili mfululizo, hawakumkuta hata mmoja wa kuambukiza. Hii ni homa ya mkojo. Wajawazito wanaipata sana. Ameze hivi, anywe maji mengi. Anayefuata!"

Mama mkwe alipokea vidonge na kushukuru. Angeweza kumwambia muuguzi kwamba hao wataalamu wa mbu walikuwa watu wawili tu, na kwamba mmoja wao ndiye aliyesimama mbele yake akiwa ameshika viatu vya mgonjwa mkononi. Hata katika saa ile alihisi fahari kidogo, fahari ya kijinga, kwamba kazi ya macho yake ilikuwa imebandikwa ukutani na watu waliosoma kuliko yeye wakaiamini.

Mtaani walimwita Mama Hadubini. Jina hilo lilianza kama dhihaka, kwa kuwa mwanamke anayelipwa kutazama mbu waliokufa alionekana kama aliyewapata wajinga, lakini miaka tisa ya kazi ilikuwa imelisugua hadi likang'aa na kuwa cheo. Mumewe alikuwa fundi wa matangi. Alijenga matangi ya saruji ya kuhifadhia maji, ya duara, marefu kuliko mtu, na katika mtaa ambao mabomba yalitoa maji siku moja tu kwa wiki, hakukosa wateja. Tangi lake la kwanza lilikuwa uani kwake mwenyewe, chini ya dirisha la chumba alimolala mkwe wao. Mume wa binti huyo, mtoto wao wa pekee, alikuwa safarini na lori na hakutazamiwa kabla ya mwisho wa mwezi.

"Wamesemaje?" fundi aliuliza jioni, akisugua saruji iliyokaukia viganjani.

"Homa ya mkojo."

"Na wewe unasemaje?"

"Mimi si daktari, baba watoto."

"Nakuuliza kama mtu mwenye macho. Asubuhi anatetemeka, mchana anaungua, jioni anaomba uji kama si yeye. Marehemu dada yangu alikwenda hivi hivi."

"Hapa hakuna malaria."

"Nani kasema?"

"Mimi," alijibu, na neno hilo likamtoka likiwa dogo kuliko alivyolitarajia.

Aliingia chumbani kwa mkwe na kikombe cha uji. Jua lilikuwa halijazama. Juu ya kitanda, ukutani, alikuwa ametua mbu, mwili wake umeinuka mshazari kama msumari uliopigiliwa na mtu mwenye haraka. Mbu wa kawaida wa majumbani hutua akiwa amelala sambamba na ukuta. Wanaoinua mkia hivyo ni wa ukoo mmoja, na katika ukoo huo ndimo wamo wanaobeba malaria, ingawa si wote. Mama Hadubini alimfunika kwa glasi, akapenyeza kipande cha karatasi chini yake.

"Unakamata nini, mama?"

"Mgeni."

"Mgeni gani? Wamejaa. Jioni jioni hivi ndipo wanapokuja, hata taa sijawasha."

"Tangu lini?"

"Tangu nilipoolewa."

"Mbona hukuniambia?"

"Nikwambie wewe habari za mbu?" Binti alicheka kwa sauti iliyokauka. "Si ingekuwa kumfundisha fundi kukoroga saruji?"

Wakacheka wote wawili. Kisha binti akashika tumbo, akasikiliza kama mtu anayengoja hodi.

Chumba cha utambuzi kilikuwa stoo zamani. Kilikuwa na meza mbili na hadubini mbili, moja ikiwa imefungiwa tochi kwa gundi ya karatasi badala ya taa yake iliyoungua. Mbu walionaswa mitegoni waliletwa humo kila asubuhi ndani ya vichupa, wamelala juu ya pamba, kila kichupa na jina la mtaa. Kazi ya Mama Hadubini ilikuwa kumchukua kila mmoja kwa kibano na kumuuliza maswali ya kijitabu. Je, vijiti viwili vilivyo kando ya mrija wake wa kunyonyea ni virefu kama mrija wenyewe? Je, mbawa zina madoa? Je, vijiti vina mikanda myeupe, na ni mingapi? Kila jibu lilimpeleka kwenye swali jingine, hadi mwisho wa njia akute jina.

Kijitabu kilichapwa kabla hajaajiriwa. Kilikuwa na majina kumi na saba, na fomu ya kujaza ilikuwa na safu kumi na saba, pamoja na ya kumi na nane iliyoandikwa "Hajulikani". Lakini fomu ambayo safu hiyo ya mwisho ilizidi mbu watano katika kila mia ilirudishwa kutoka makao makuu na maandishi mekundu, na fomu iliyorudishwa ilichelewesha mishahara ya chumba kizima. Ndiyo maana msimamizi alikuwa amewafundisha mapema kanuni moja ambayo haikuandikwa popote: asiyeingia, weka panapofanana.

Mama Hadubini alimweka mbu wa chumbani kwa mkwe chini ya kioo. Mikanda mitatu myeupe, na miguu iliyonyunyiziwa weupe kama iliyopita kwenye unga. Mkono wake ulikwenda wenyewe kwenye safu ya kumi na tano: mbu wa mazizini, huuma ng'ombe, hana madhara kwa binadamu. Alikuwa ameandika kumi na tano mara elfu kadhaa katika miaka miwili. Safari hii aliuzuia mkono, akafungua kijitabu, akasoma maelezo hadi mstari wa mwisho wenye herufi ndogo. Mstari ulisema kwamba mbu wa mazizini hana vidoadoa kati ya mikanda. Huyu alikuwa navyo.

Hakuwa ameviona leo kwa mara ya kwanza. Aliviona tangu kichupa cha kwanza, akauliza, akajibiwa kwa kanuni ile, na baada ya wiki moja macho yake yakajifunza kuvipita.

"Bi Nukta," alimwita mwenzake wa meza ya pili. "Mtaani kwetu kuna ng'ombe?"

Bi Nukta, aliyepewa jina hilo kwa jinsi alivyotia nukta fomuni haraka kuliko mtu yeyote, hakuinua kichwa. "Labda mwenye nyumba wangu. Akija kudai kodi anakoroma kama fahali."

"Nauliza kweli."

"Hakuna hata mbuzi, dada. Angelala wapi? Juu ya bati?"

"Basi hawa mbu wa mazizini mia tatu na arobaini wa mwezi uliopita, mtaani kwetu, wanamuuma nani?"

Bi Nukta aliweka kibano chini polepole. Alitazama mlango, kisha akamtazama mwenzake. "Usinitie humo," alisema kwa sauti ya chini. "Nina watoto wanne. Usinitie humo kabisa."

Msimamizi hakuwa mtu mbaya. Tochi ile ya hadubini aliinunua kwa fedha yake, na mwenzao alipofiwa ni yeye aliyezungusha karatasi ya mchango. Alisikiliza mpaka mwisho, akavuta mtoto wa meza, akatoa waraka uliokuwa na alama ya kutu ya pini.

Waraka ulikuwa na umri wa miezi minane. Ulisema kwamba amegundulika mbu mgeni anayezaliana mijini, katika maji safi ya matangi na madimbwi ya ujenzi. Kwamba anaambukiza malaria. Kwamba anatambulika kwa vidoadoa kati ya mikanda. Na kwamba vituo vyote vitapelekewa kijitabu kipya na fomu mpya. Hadi hapo, viendelee na utaratibu uliopo.

"Kijitabu hakijafika," msimamizi alisema.

"Lakini waraka ulifika, mkuu."

"Waraka ulifika."

Nje mtu alikuwa akikung'uta mitego, na vumbi likaingia dirishani.

"Niandikie barua ya zahanati," Mama Hadubini alisema. "Mtaa wetu uhamishiwe wino mwekundu, watu wapimwe. Mkwe wangu ni mgonjwa, mkuu. Ana miezi saba."

"Barua ya kusema nini? Kwamba ripoti nane zenye saini yangu ni za uongo?"

"Si uongo. Ni makosa."

"Makosa ya nani?" aliuliza, si kwa ukali bali kama mtu anayetafuta mahali pa kuweka mzigo. "Hebu nipe mpaka kesho nifikiri."

Mama Hadubini hakungoja kesho. Saa nane mchana alikuwa zahanati, amevaa koti jeupe la kazini, kitambulisho kikining'inia kifuani. Muuguzi alimtambua, na mara hii alimpa kiti.

"Mimi ndiye ninayewatambua hao mbu," alisema. "Nilikosea. Mtaa wetu una malaria. Naomba mkwe wangu apimwe."

Muuguzi alitazama kitambulisho, kisha karatasi ya ukutani, kisha tena kitambulisho. Uso wake ulilainika, lakini mikono ikabaki pale pale ilipokuwa. "Mama yangu, nakuamini. Lakini nikiulizwa kwa nini nimetoa kipimo mtaa wa kijani, nitasema nimeambiwa kwa mdomo? Ile ilikuja kwa karatasi." Alisita. "Niletee karatasi. Hata mistari miwili. Ukiileta hata nikiwa nimefunga, nitafungua."

Fundi naye alikuwa ameacha kazi tangu asubuhi akizunguka maduka ya dawa. La kwanza walimwambia dawa za malaria waliacha kuagiza mwaka jana, kwani nani angenunua mahali pasipo na ugonjwa? La pili walikuwa nazo za watu wazima, lakini waliposikia mimba wakazirudisha kabatini wakitaka cheti. Katika hospitali kubwa, mlinzi hakumpitisha bila karatasi ya zahanati. Alirudi nyumbani, akamkuta mkwe ameketi sakafuni akiongea na mumewe ambaye hakuwepo, akimlaumu kwa nini ameegesha lori ndani ya chumba.

"Barua iko wapi?" alimuuliza mkewe alipoingia.

"Kesho."

"Kesho!" Alipiga ukuta kwa kiganja. "Mimi nikijenga tangi likavuja, mwenyewe ananishika shati siku ile ile. Nyinyi likivuja mnaitana mkutano."

Alikaa sakafuni, akakiweka kichwa cha binti mapajani, akamkanda kwa kitambaa chenye maji ya tangi.

Asubuhi barua ilikuwa imekwisha kupigwa chapa. Msimamizi aliigeuza mezani ili imwelekee.

Ilisema kwamba ripoti za miaka miwili za mtaa uliotajwa zilikuwa na kosa la utambuzi lililofanywa na mfanyakazi wa mkataba, ambaye amekiri. Kwamba mfanyakazi huyo ameondolewa kazini. Na kwamba mtaa uhesabiwe kuwa na malaria kuanzia tarehe ile. Chini palikuwa na nafasi mbili za saini.

"Waraka hukuutaja," Mama Hadubini alisema.

"Sikuutaja."

"Wala kijitabu."

"Nikiandika kwamba kijitabu kimepitwa na wakati, barua inapanda makao makuu, inarudi baada ya miezi mitatu. Hii inatoka leo." Msimamizi alikuwa akitazama kalamu. "Inatoka leo kwa sababu ina mtu wa kulaumiwa, mama. Bila mtu, karatasi haziendi. Si mimi niliyezitengeneza hivyo."

"Na kupuliziwa dawa? Mtaa utaingia kwenye mzunguko wa mwaka huu?"

"Orodha ya mwaka ilifungwa Jumatatu." Alisema hivyo kwa haraka, kama anayeng'oa plasta. "Mwakani."

Mama Hadubini alichukua kalamu. Alitia saini. Alipoinuka, msimamizi naye aliinuka, akamfungulia mlango, heshima ambayo hakuwahi kumfanyia akiwa mfanyakazi wake. Bi Nukta aliinamisha uso kwenye hadubini yake mpaka alipopita.

Fundi alimleta mgonjwa kwa mkokoteni wa saruji, amemtandikia magodoro mawili. Muuguzi aliisoma barua akiwa amesimama, hakumaliza, akachoma kidole cha binti. Muuguzi, fundi na Mama Hadubini walikitazama kipimo kama watu wanaongoja maji yachemke. Mstari wa kwanza ulitokea, kisha wa pili, mwekundu na mnene.

"Pole, mama," muuguzi alisema. "Pole sana. Damu imekwisha huyu. Mpelekeni hospitali, nawaandikia sasa hivi."

Safari hii mlinzi aliwafungulia lango. Dawa ilipatikana, chupa mbili za damu zikapatikana, na binti akapona. Mtoto alizaliwa jioni ya pili, wa kiume, ana kucha na nywele, amekwisha kufa tumboni tangu siku iliyotangulia, au labda tangu ile ya kabla yake. Mkunga alisema hawezi kuwa na hakika.

Zahanati walichora wino mwekundu juu ya ule wa kijani na kubandika nakala ya barua chini ya karatasi ya mitaa, kama utaratibu unavyotaka. Foleni ya asubuhi ilikuwa na muda wa kusoma. Kufikia Jumapili mtaa wote ulijua. Mwanamke mmoja ambaye mwaka jana alizika mtoto wa miaka mitatu kwa homa isiyopewa jina alikuja mpaka uani, akasimama, akamtazama Mama Hadubini akianika kanga, akaondoka bila kutoa neno. Afadhali angetukana.

Siku ya nane baada ya kutoka hospitali, mkwe aliketi kitandani akinywa supu. Alikuwa mwepesi mno, na maziwa yaliyokuja bila mnyonyaji yalikuwa yamelowesha gauni lake.

"Mama," alisema. "Ile barua ni kweli?"

Mama Hadubini alikuwa akimkunjia nguo. Angeweza kusema habari za waraka, kijitabu, asilimia tano na mishahara ya watu. Yote yalikuwa kweli, na yote alikuwa ameyapanga kichwani usiku baada ya usiku. "Ni kweli," alisema.

"Uliwaona? Ukajua si wale wa ng'ombe?"

"Nilijua hawafanani sawasawa."

"Ukaandika."

"Nikaandika."

Binti alikunywa supu mpaka ikaisha, akaweka bakuli sakafuni kwa uangalifu. "Akija mwanao," alisema, "mwambie wewe mwenyewe. Mimi sitaweza kumwambia mara mbili." Akajifunika, akageukia ukutani. Mama Hadubini aliliokota bakuli. Binti alikuwa amesema "mwanao", si "mume wangu", na wala hakumwita tena mama.

Fundi alilimwaga tangi la uani. Yalitoka maji ya wiki nzima, na katika tope la chini viluwiluwi walijipinda kama makapi. Alizunguka kwa wateja wake wa zamani akiwaomba wafanye hivyo, au angalau wafunike. Walimsikiliza kwa adabu. Mmoja aliuliza kama akimwaga leo, atapikia nini mpaka siku ya maji. Mwingine alisema, "Fundi, ulinijengea mwenyewe, ukanisifia, leo unaniambia nimefuga nyoka?" Hakuna aliyemwaga. Nyumbani, siku ya nne, ndoo zilipoisha, fundi naye alilijaza tena lake, akalifunika kwa bati kuukuu lililopinda pembeni.

Mshahara mmoja ulikuwa umekatika na hospitali ilikuwa imekula uliobaki. Wiki ya tatu Mama Hadubini alianza kwenda na mumewe kazini kama kibarua wake, akichekecha mchanga na kubeba maji. Kazi ya kwanza ilikuwa tangi la mwanamke mwenye watoto watano, mitaa miwili kutoka kwao, ambaye alikuwa ameweka akiba tangu mwaka juzi na sasa alizunguka kile kiduara cha saruji mbichi akikipapasa kama anayepapasa ng'ombe wa mahari.

"Fundi, lini nitaanza kuchota?"

"Baada ya siku kumi na nne. Saruji lazima ilale majini ikomae."

Mama Hadubini aliweka ndoo chini. Yai huwa mbu kamili kwa siku kumi, na kukiwa na joto hata nane. "Mama, lifunike," alisema. "Kuanzia leo. Turubai zito, ulifunge kwa kamba kuzunguka, pasipite hata kidole. Maji haya masafi ndiyo wanayoyapenda."

"Nitafunika, dada yangu." Mwanamke alisema kwa ukarimu, macho yake yakiwa bado kwenye tangi. "Baba watoto akilipwa mwisho wa mwezi, turubai ndicho kitu cha kwanza."

"Hata shuka basi."

"Shuka?" Mwanamke alicheka. "Shuka tunazo mbili, watu saba."

Fundi alikohoa. Jua lilikuwa likipanda, na ukuta wa tangi ulikuwa umeanza kupauka juu, mahali ambapo nyufa hupenda kuanzia. Tangi likipasuka, mwenyewe halipi, na hana fedha za kujenga jingine. Mama Hadubini alimtazama mumewe. Mumewe alitazama saruji.

Aliinama, akainua ndoo, akamimina. Kisha akarudi kuchota nyingine, kwa kuwa tangi lilihitaji ndoo mia na themanini, na ile ilikuwa ya kwanza.